Upinzani wa Wakazi Dhidi ya Kufungwa kwa Vituo vya Watoto katika Kaunti ya Oxfordshire, Uingereza, 2013–2017

1.0 Utangulizi

Insha hii inachunguza upinzani wa wakazi wa kaunti ya Oxfordshire dhidi ya kufungwa kwa vituo vya watoto kati ya mwaka 2013 na 2017. Kufungwa huko huelezwa mara nyingi kuwa ni tokeo la upungufu wa fedha tu. Hata hivyo, mgogoro wa Oxfordshire uliibua swali zito zaidi: nani anawajibika pale serikali kuu inapopunguza ruzuku na halmashauri ikalazimika kufunga milango? Hoja kuu ya insha hii ni kwamba sheria iliwapa wakazi haki ya kusikilizwa bila kuwapa haki ya kubaki na huduma, na kwamba pengo hilo ndilo lililoweka mipaka ya upinzani wao.

2.0 Usuli

Vituo hivyo vilitokana na mpango wa Sure Start, uliotangazwa mwaka 1998 na serikali ya chama cha Labour. Mpango ulianzia katika maeneo maskini, kisha ukapanuliwa hadi kufikia zaidi ya vituo 3,500 nchini England kufikia mwaka 2010. Katika jengo moja mzazi aliweza kumwona mkunga, kupata ushauri wa kunyonyesha, kumchezesha mtoto pamoja na wenzake na kusaidiwa kutafuta kazi. Falsafa yake inakaribiana na methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta: familia isaidiwe mapema, kabla tatizo dogo halijawa janga. Jambo la pili lilikuwa na uzito uleule, nalo ni kwamba mlango ulikuwa wazi kwa wote. Kwa kuwa wazazi wa kila tabaka waliingia humo, aliyehitaji msaada hakuhofia kunyooshewa kidole.

Sheria ya Malezi ya Watoto ya mwaka 2006, kama ilivyorekebishwa mwaka 2009, ilizitaka halmashauri ziwe na vituo vya kutosheleza mahitaji ya eneo kadiri ilivyowezekana, na zishauriane na wananchi kabla ya kufunga kituo chochote. Serikali ya mseto iliyoingia madarakani mwaka 2010 haikuifuta sheria hiyo. Ilichobadilisha ni fedha. Kuanzia mwaka 2011, fedha za vituo hazikutengwa tena mahususi kwa kazi hiyo. Ziliingizwa katika ruzuku ya jumla iliyoendelea kupungua. Kwa kipimo cha bei za mwaka wa fedha 2018–19, matumizi ya Sure Start yalishuka kutoka pauni bilioni 1.8 mwaka 2009–10 hadi takribani pauni milioni 600 mwaka 2017–18.

3.0 Mwenendo wa Upinzani

Oxfordshire ilikuwa na vituo 44. Habari za mpango wa kufunga vingi kati ya hivyo zilipoenea mwaka 2013, wazazi walijipanga, wakakusanya saini na kuandamana na watoto wao. Mpango huo ulisitishwa, lakini ulirudi mwaka 2015 katika sura nyingine: vituo vyote 44 pamoja na vituo saba vya usaidizi wa mapema vingefungwa, na nafasi yao ichukuliwe na vituo vinane vinavyolenga hasa familia zilizo katika hatari. Wapinzani walijibu kwamba familia iliyo katika hatari haijulikani mpaka iwe imeingia mahali fulani. Mama mwenye sonona baada ya kujifungua, kwa mfano, hufika kwa ajili ya mchezo wa mtoto, na hapo ndipo mhudumu hubaini hali yake.

Mgogoro huo ulipata uzito wa pekee kwa sababu Waziri Mkuu, David Cameron, alikuwa mbunge wa Witney, jimbo lililomo katika kaunti hiyohiyo. Septemba 2015 alimwandikia kiongozi wa halmashauri, Ian Hudspeth, wa chama chake cha Conservative, akisikitishwa na mapendekezo ya kupunguza huduma, vikiwemo vituo vya watoto. Alishauri fedha ziokolewe katika utawala na kwa kuuza mali. Hudspeth alijibu kwamba watumishi wengi walikwisha kupunguzwa, kwamba mapato ya kuuza mali hayawezi kugharimia huduma za kila mwaka, na kwamba ruzuku ilikuwa imeshuka kwa pauni milioni 72, sawa na asilimia 37. Barua hizo zilichapishwa na vyombo vya habari Novemba 2015. Februari 2016 ilifahamika pia kwamba mama mzazi wa Waziri Mkuu, Mary Cameron, alikuwa ametia saini ombi la kupinga kufungwa kwa vituo.

Mawasiliano hayo yana thamani kubwa kwa mwanahistoria. Yanadhihirisha kwamba mkuu wa serikali iliyopunguza ruzuku aliyaona matokeo yake kama kosa la uendeshaji wa halmashauri. Wakazi nao walijikuta wakipeleka malalamiko mahali pasipo na fedha, huku walioamua kiwango cha fedha wakiwa mbali na vikao vya mashauriano.

4.0 Matokeo

Mashauriano yalifanyika kama sheria ilivyotaka, na mfumo wa vituo vinane ukaanza mwaka 2017. Upinzani haukuunusuru mtandao wa zamani, ila haukupita bure. Halmashauri ilitenga fedha za mpito, na katika baadhi ya majengo vikundi vya wakazi viliendeleza shughuli zilizo wazi kwa wote. Tofauti ni kwamba huduma iliyokuwa wajibu wa umma sasa ilitegemea muda na ujuzi wa watu wa kujitolea, rasilimali ambazo hazigawanyiki sawasawa kati ya mtaa na mtaa.

5.0 Hitimisho

Tafiti za baadaye ziliipa nguvu hoja ya wakazi. Mwaka 2019 taasisi ya Institute for Fiscal Studies ilionesha kuwa Sure Start ilipunguza idadi ya watoto waliolazwa hospitalini, hasa katika maeneo maskini. Mwaka 2024 ilionesha kuwa watoto waliokulia karibu na vituo vya awali walifanya vizuri zaidi katika mitihani ya umri wa miaka 16. Mwaka 2025 serikali mpya ya Labour ilitangaza vituo vipya vya familia. Kwa hiyo, udhaifu wa upinzani wa Oxfordshire haukuwa katika ushahidi wake. Ulitokana na mfumo uliotenganisha mamlaka ya kupunguza fedha na wajibu wa kujibu wananchi, na ni mfumo huo unaopaswa kuchunguzwa kabla ya kupima kushindwa kwa wakazi.