Mizani ya Mwovu: Kutoka Karatani hadi kwa Watu-simba wa Singida

Wacheza karata wa pwani wanaujua mchezo wa wahedi wa sitini. Jina lake ndilo hesabu yake: pointi zote ni 120, na mwenye kufikia 61 ameshinda. Ree hubeba 11, seti hubeba 10, na mzungu wa nne, pamoja na taji lake, hubeba 4 tu. Tena turufu iliyo ndogo kabisa huila ree isiyo ya turufu. Sura ya kutisha haitoshi kumpa mtu ushindi, na aliye dhaifu hakosi njia.

Waundaji wa michezo ya siku hizi walikutana na suala hilohilo walipowatia waovu wa filamu katika karata. Mwaka 2018 kampuni ya Ravensburger ilitoa mchezo uitwao Villainous, ambamo kila mchezaji hushika nafasi ya mwovu mmoja wa filamu za Disney. Prince John hushinda kwa kulimbikiza vipande 20 vya nguvu. Captain Hook hana budi kumshinda Peter Pan merikebuni. Kila mwovu ana lengo lake, na kila mmoja ana fungu la karata ambazo wenzake huzitumia kumzuia. Mizani imekaa hapo: mwovu hupewa nguvu na sababu, na wapinzani wake hupewa jawabu.

Filamu zenyewe hazikuishika mizani hiyo daima. The Ghost and the Darkness, ya mwaka 1996, ilisimulia habari za simba wawili waliowala wajenzi wa reli huko Tsavo mwaka 1898. Simba wa kweli hawakuwa na manyoya marefu shingoni; wa filamu walikuwa nayo. Patterson, aliyewaua, alifikia kudai kuwa walikula watu 135; uchunguzi wa mifupa na nywele zao, uliochapishwa mwaka 2009, ulikadiria watu 35 hivi. Simba akiongezewa sifa, mwindaji naye huongezeka kimo.

Chumvi hiyo haimdhuru simba. Anayedhurika ni binadamu anapovishwa ngozi ya simba, na hilo ndilo lililotokea Singida.

Katika miaka ya 1946 na 1947, katika nchi ya Wanyaturu, watu wengi walikutwa wamekufa kwa majeraha yaliyofanana na ya makucha. Serikali ya kikoloni ilishikilia kwamba wauaji walikuwa binadamu waliojivika ngozi za simba. Watu wakakamatwa, wakashtakiwa, na baadhi yao wakanyongwa. Mwaka 1950 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha makala ya Wyatt juu ya watu-simba hao. Mwaka 1962 Harold Schneider, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyeishi miongoni mwa Wanyaturu, aliirejea kadhia hiyo katika jarida hilohilo na kuitathmini upya.

Tuseme atokee mtu wa kuitengenezea filamu kadhia hii, na karata zifuate nyuma yake. Mtu-simba atakuwa picha ya kuvutia mno, na hapo ndipo penye hatari. Karata yake peke yake, yenye kucha na damu, itakuwa imekwisha kuhukumu. Mizani yataka fungu lote: simba halisi wa mwituni, jirani mwenye kisasi, hofu iliyotangulia ushahidi, na mahakama iliyohukumu kwa sheria iliyotoka ng'ambo. Wala marehemu wasisahauliwe, kwani kumpa mwovu haki yake si kumsamehe muuaji. Ni kuhakikisha kwanza kwamba muuaji ndiye huyo.

Wahenga walisema msema pweke hashindwi. Katika karata, asiyeshindwa huuharibu mchezo, na wenzake huinuka wakaenda zao. Waliopandishwa kitanzini hawakuweza kuinuka. Mwenye kuisimulia Singida leo ndiye aliyebaki na karata zao mkononi.