Kushuka Rondo kwa njia ya vinyago

Ukitaka kukielewa kinyago cha mawingu, duka la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam, liache kwanza. Panda Rondo, ulale huko, uamke kabla jua halijapata nguvu. Ukungu unakuwa bado umekaa juu ya mashamba. Mti unauona nusu: shina lipo, matawi hayapo. Mtu anajitokeza kichwa na bega, miguu haionekani, anakuuliza habari za kuamka, na kabla hujamaliza kusema nzuri amekwisha kumezwa. Nilikaa nje na kikombe changu cha chai kwa saa nzima nikitazama watu na mbuzi wakichongwa na kufutwa.

Nilikuwa nimepanda ili nipate kushuka. Kwa muda mrefu nimetaka kuifuata kwa miguu yangu, na pale miguu inaposhindwa kwa bodaboda na basi, njia iliyoipeleka sanaa ya kusini mpaka Dar es Salaam, na kutoka Dar es Salaam mpaka Paris. Mtu niliyemchagua anitangulie ni George Lilanga, mchongaji na mchoraji aliyezaliwa mwaka 1934 Kikwetu. Yeye si mtu wa Rondo. Lakini kutoka juu huku ndiko unakoona vizuri jinsi kila kitu cha Lindi kinavyoteremka kuelekea bahari.

Rondo ni uwanda wa juu magharibi ya mji wa Lindi, zaidi ya mita 800 kutoka usawa wa bahari, nchi ya Wamwera. Watanzania wengi walilisikia jina lake mwaka 2023, Bernard Membe, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje, alipozikwa kijijini kwao Chiponda. Wataalamu wa wanyama wanalijua kwa sababu ya komba wa Rondo, kimnyama cha gramu 60 hivi ambacho sayansi ilikipa jina miaka ya 1990 tu. Wafanyabiashara wa mbao walilijua mapema zaidi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Steel Brothers, iliyokuwa na uzoefu wa misitu ya Burma, ilikuja kukata mivule ya Rondo, na magogo yakateremshwa pwani. Mivule mikubwa niliyoiona safari hii ilikuwa milango na makabati.

Mpingo hauoti huku. Huo ni mti wa chini, wa miombo na joto, na ndiyo maana mtu anayefuata vinyago hana budi kushuka. Nilichukua njia ya kusini, inayoangukia bonde la Lukuledi na kukutana na barabara kuu ya Lindi na Masasi.

Katika bonde hilohilo, mwaka 1906, alipita Mjerumani Karl Weule na msururu wa wapagazi. Moto wa Maji Maji ulikuwa haujapoa. Weule alitumwa kukusanya vitu na habari za watu wa kusini, akatoka Lindi akaenda Masasi, kisha akapanda Newala kwa Wamakonde. Alichobeba kilifika Leipzig, na kitabu chake kikatoka mwaka 1908. Ukipitia alivyokusanya unaona barakoa za jandoni, sanamu za mwanamke mwenye ndona mdomoni na chale usoni, vifuniko vya vikopo vya tumbaku na dawa vilivyochongwa kichwa cha mtu. Kazi safi, zenye mkono wa mtu anayejua. Lakini mawingu hayamo. Hayamo mashetani wenye jicho moja na sikio linalogeuka kuwa mguu. Hayamo kwa sababu mwaka 1906 yalikuwa hayajazaliwa.

Nasisitiza jambo hili kwa kuwa nimechoka kusoma kwenye vibandiko vya maduka kwamba kinyago cha mawingu ni mila ya kale ya Wamakonde. Si ya kale. Umri wake haupishani sana na wa TANU. Waliokizua walikuwa na viatu, kodi ya kulipa na tajiri wa kumuuzia.

Kaskazini ya Rondo kuna kilima cha Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walifukua huko mifupa ya dinosaria, madubwana ya kale, na fundi aliyewaongoza wafukuaji alikuwa Boheti bin Amrani. Tani kwa tani zikabebwa vichwani mpaka bandari ya Lindi. Mjusi wao mkubwa amesimama leo Berlin, kimo chake mita 13. Hilo lina makala yake. Mimi linanihusu kwa sababu moja tu, kwamba Boheti na wenzake walikuwa wakitoa umbo ndani ya mwamba kwa patasi, wakiacha jiwe liwaambie wapi pa kusimama. Umbali wa kutoka hapo hadi kwa mchonga mpingo ni mfupi kuliko unavyodhani.

Mtama, kisha Mnazi Mmoja, kisha Lindi mjini. Nikala samaki, nikalala.

Asubuhi nikachukua bodaboda kwenda Kikwetu, kaskazini ya mji kwenye barabara ya Kilwa. Kijana aliponiuliza naelekea wapi na mimi nikamjibu, alinitazama begi. "Kaka, leo ndege haipo." Kwa watu wa Lindi, Kikwetu ni uwanja wa ndege. Kwa wazee wao ni mkonge. Orodha nyingi za maonyesho ya Ulaya huandika kwamba Lilanga alizaliwa Kikwetu, wilaya ya Masasi, na orodha moja ikinakili nyingine. Kikwetu ninayoijua mimi ni hii, yenye mistari ya mkonge inayokwenda mpaka macho yachoke, umbali wa kusikia harufu ya bahari.

Na mkonge ndio ufunguo wa habari yote. Ng'ambo ya Ruvuma, kwenye uwanda wa Mueda, Mreno alikuwa akiwalazimisha watu kulima pamba na kufanya kazi za shuruti. Wamakonde wa huko, ambao huku waliitwa Wamawia, wakaanza kuvuka mto kutafuta kibarua. Walipangwa kwenye mashamba ya Lindi na Mikindani, wengine wakaenda mpaka Tanga na Dar es Salaam. Mtu alipewa kipande, karatasi ya siku 30 za kazi, na siku isiyotiwa alama haikulipwa. Alikata mkonge alfajiri, na mchana, wenzake walipolala, alitoa kisu na kijiti. Baada ya mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960, na hasa baada ya FRELIMO kuanza vita mwaka 1964, waliovuka waliongezeka. Serikali ikawafungulia makazi Rutamba, kati ya Rondo na Lindi.

Lilanga alikulia katika dunia hiyo, mtoto wa Wamakonde kwenye nchi ya kibarua. Wanaosimulia maisha yake husema alianza kuchonga mihogo, akaja kwenye miti laini, mwisho mpingo. Nawaamini, maana ndivyo watoto wanavyofundishwa mpaka leo: muhogo hausamehe lakini ni wa bure. Ukikosea unakula.

Mpingo hausamehe na si wa bure. Ni mti unaozama majini. Unachukua miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kuvunwa. Chini ya gome kuna sehemu nyeupe, na ndani ya hiyo kiini cheusi kinachowafanya mafundi wa zumari za Ulaya waufuate mpaka Kilwa. Gogo lenyewe halinyooki. Limepinda, lina ufa, lina tundu lililoliwa na ukungu, na mara nyingi katikati ni bovu. Mchongaji wa binadamu, yaani sanamu ya mzee mwenye fimbo au mama mwenye mtungi, ni adui wa dosari hizo. Anahitaji kipande kizima kilichonyooka, na kinachobaki anatupa.

Mchongaji wa mawingu anaanzia kwenye kilichotupwa. Anakaa chini, gogo kati ya nyayo, analizungusha. Tezo inaondoa weupe kwanza ili aone kiini kinakwenda wapi. Ufa ukiingia kushoto, naye anaufuata kushoto, anaupanua, unakuwa tundu. Palipooza anakwangua mpaka mti mzima, na ukuta unaobaki unakuwa mwembamba kama ukingo wa kikombe. Hapo ndipo patasi inapoingia, kisha tupa, kisha msasa siku nzima mpaka mti ung'ae bila rangi ya viatu. Mwisho unashika kitu kisicho mtu wala mnyama. Kinapanda, kinajikunja, kinajiacha wazi. Mahali fulani kwenye mkunjo umebaki ukope, au titi, au vidole vitatu. Ukikigeuza, ukope unapotea.

Wasomi wetu huiita sanaa ya aina hii dhahania. Mafundi wanaiita mawingu, na jina lao ni bora, kwa kuwa linasema jinsi ya kutazama: kama unavyotazama juu ukiwa umelala chali, sura ikija na kuondoka yenyewe. Anayetajwa sana kuwa mwanzilishi wa mtindo huu ni Clementi Ngala. Kabla yake, miaka ya 1950, Samaki Likankoa alikwisha kuvunja mlango kwa kuchonga shetani, akitiwa moyo na Mohamed Peera, mfanyabiashara wa Kihindi wa Dar es Salaam aliyenunua kazi ambazo wengine wangezicheka. Roberto Yakobo Sangwani, naye kutoka Msumbiji, alipandanisha watu juu ya watu kwenye gogo moja. Mtindo huo uliitwa dimongo, yaani nguvu, na ulipokuja wakati wa siasa ya Mwalimu Nyerere ukabatizwa ujamaa.

Wageni walipoyaona mawingu, wengi walimkumbuka mchongaji wa Kiingereza Henry Moore na matundu yake, wakadhani vijana wa mpingo wamechungulia vitabu vya Kizungu. Moore mwenyewe, miaka ya 1920, alikuwa akishinda kwenye makumbusho ya London akitazama sanamu za Afrika. Kama kuna mwenye deni, hesabu zianzie huko.

Lakini sitaki kuwapamba wazee wetu kupita kiasi. Bila duka la Peera na bila watalii, mawingu huenda yasingekuwepo. Mwenye njaa hukaa siku kumi na kipande cha ajabu pale tu anapojua yuko mtu wa kukinunua. Soko lile lililowaruhusu kuthubutu ndilo baadaye lililojaza barabara nakala elfu za shetani mmoja, zilizokatwa haraka kwenye mti mweupe na kupakwa kiwi.

Safari ya Lilanga kwenda Dar es Salaam naijua kwa kuipitia. Leo basi linatoka Lindi alfajiri, linapita Nangurukuru na kuvuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Wakati wake kulikuwa na kivuko, na masika yakishika barabara ilikufa. Mtu wa kusini alingoja meli. Lilanga alifika mjini mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mjomba wake, Augustino Malaba, alikuwa mchongaji Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972 kwa juhudi za Sista Jean Pruitt, mtawa wa Maryknoll kutoka Marekani. Lilanga alipata kazi hapo. Kazi ya ulinzi.

Mlinzi yule alikuwa na mikono. Akaanza kuchonga, kuchora juu ya ngozi za mbuzi, kuchora kwenye bati, kuchapa michoro. Kisha akafanya jambo ambalo wapenzi wa mpingo hawakulipenda: akaacha mti mweusi, akachukua mti laini na kuupaka rangi za mafuta, nyekundu, buluu, njano, madoa juu ya madoa. Mashetani wake wana matumbo, masikio ya popo na vidole viwili. Wanakunywa pombe, wanakwenda hospitali, wanagombana, wanapanda basi. Majina ya kazi zake yalikuwa sentensi nzima za Kiswahili, ndefu kama mazungumzo ya jirani dirishani. Kwa maoni yangu umbo lilibaki lilelile la kusini, mkono unaoanza hapa na kuishia kwenye mwili wa mwingine. Alilitoa mbinguni akalipeleka uswahilini.

Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington. Mkusanyaji Jean Pigozzi akazinunua. Kisukari kilipomnyang'anya miguu aliendelea kufanya kazi amekaa, ndugu na wanafunzi wakimzunguka. Alifariki Dar es Salaam tarehe 27 Juni 2005. Siku hiyo kazi zake zilikuwa Paris, Centre Pompidou, kwenye maonyesho ya Africa Remix.

Wenzake wa mawingu hawakupata hata nusu ya sifa hiyo. Huko Ise, Japani, mtu mmoja aliwafungulia makumbusho mazima mwaka 1991, na huko unaweza kutembea chumba hadi chumba kati ya mpingo wa Lindi, Mtwara na Mueda. Mtoto wa Rutamba akitaka kuona kazi bora ya babu yake, nauli ni ya ndege, na si hiyo ya Kikwetu.

Mpingo wenyewe bado upo, walau kwa sehemu. Wilayani Kilwa, kijiji cha Kikole kilikuwa miongoni mwa vijiji vya kwanza Afrika kupata cheti cha kimataifa cha uvunaji bora wa msitu wake, mwaka 2009.

Nina ombi moja kwako msomaji. Kama sebuleni kwenu, au kwa bibi, kuna kinyago cheusi kisichojulikana ni nini, kilichonunuliwa enzi za Mwalimu na sasa kinazuia mlango usijifunge, kigeuze. Futa vumbi kitakoni kwa kitambaa chenye maji kidogo. Mara nyingi pana jina limekwanguliwa kwa msumari, herufi zimepinda. Liandike mahali, pamoja na mwaka kama upo, na umuulize aliyekinunua alikipata wapi na kwa nani, angali yupo wa kuulizwa.