Darubini na Tafsiri ya Nuru

Neno darubini lina asili ya Kiajemi: dur, yaani mbali, na bin, yaani mwenye kuona. Mwaka 1610 Galileo alichapisha huko Venice kitabu kidogo kilichoeleza milima ya mwezini, na miezi minne inayoizunguka sayari ya Mshtarii. Watu walistaajabu, lakini wako waliokataa kusadiki, wakidai kwamba vioo vyaweza kuyahadaa macho.

Shaka hiyo ingali na maana. Tarehe 11 Julai 2022 Rais wa Marekani alionyesha picha ya kwanza ya rangi ya darubini ya James Webb, iliyoko umbali wa kilometa milioni 1.5 kutoka duniani. Maelfu ya galaksi yalionekana, na walimwengu wakazistaajabia rangi zake. Walakini darubini hiyo hupokea hasa mionzi isiyoonekana kwa jicho la mwanadamu. Rangi hutiwa baadaye na wataalamu kwa kanuni: mawimbi marefu hupewa wekundu, na mafupi usamawati.

Je, huo ni uwongo? La, ni tafsiri. Nayo tafsiri, hata iwe aminifu namna gani, yampasa msomaji aambiwe kuwa ni tafsiri.