Thomas Cullen na Ugonjwa Uliofichwa

Wahenga walisema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Upime usemi huo, msomaji, kwa historia ya ugonjwa mmoja: saratani ya mji wa mimba.

Mwaka 1891 kijana Thomas Cullen, mzaliwa wa Kanada, alifika katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani. Siku hizo madaktari waliweza kuutoa mji wa mimba kwa upasuaji, lakini wagonjwa wengi walifika saratani imekwisha kuenea. Kisu hakikuwafaa tena.

Cullen alifanya mambo matatu. Kwanza, mwaka 1895 alitangaza njia ya kugandisha kipande cha nyama kwa baridi, kukikata vyembamba, na kukitia katika dawa iitwayo fomalini ili kitazamwe kwa hadubini. Jibu lililongojewa kwa siku kadhaa likapatikana kwa dakika chache.

Pili, mwaka 1900 alitoa kitabu kikubwa juu ya saratani hiyo, chenye mamia ya michoro ya Max Brödel na Hermann Becker. Humo alieleza mbali mbali saratani ya mlango wa mji wa mimba na ile imeayo katika utando wake wa ndani. Hii ya pili huwapata zaidi wanawake waliokwisha koma hedhi, na dalili yake ya kwanza kwa kawaida ni damu kutoka tena.

Tatu, alitambua kwamba elimu iliyofungiwa hospitalini haimponyi mwanamke anyamazaye nyumbani kwa haya. Kwa juhudi zake na wenzake, mwaka 1913 mwandishi Samuel Hopkins Adams aliandika habari za saratani, waziwazi, katika Ladies' Home Journal, jarida lililosomwa na wanawake wengi sana.

Hata leo daktari huchukua kipande cha utando ule kukichunguza, na upasuaji ndio tiba kuu. Wengine huongezewa miali au dawa. Ugonjwa ukigunduliwa mapema, wengi hupona.

Basi, msomaji, ukisikia kwamba mama au nyanya aliyekoma hedhi ameona damu tena, usicheke wala usinyamaze. Mhimize aende hospitali. Yamkini si saratani. Lakini hilo litaamuliwa na hadubini, si na haya.