Upimaji wa usonji na ADHD kwa watoto

Upimaji wa usonji na ADHD (hali ya kukosa umakini na kutotulia) ni uchunguzi unaofanywa na wataalamu wa afya na elimu ili kujua kama namna mtoto anavyozungumza, anavyocheza, anavyotulia na anavyohusiana na wenzake inatokana na mojawapo ya hali hizi mbili za ukuaji wa ubongo, au zote mbili kwa pamoja. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayotoa jibu. Kinachotegemewa ni historia ya mtoto, mambo ambayo mtaalamu anayaona kwa macho yake, na maelezo ya watu wanaoshinda naye. Familia inayokwenda hospitali ikitarajia kuchukua majibu dirishani hushangaa kukuta kwamba sehemu kubwa ya ushahidi wanayo wao wenyewe.

Safari huanza nyumbani. Mtoto haitiki akiitwa jina, haonyeshi kwa kidole kitu kilichomvutia, au ameacha maneno aliyokuwa akiyasema. Wazee watasema wavulana huchelewa kusema, apewe muda. Ushauri huo umewachelewesha watoto wengi. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinataka kila mtoto afanyiwe uchunguzi wa awali wa usonji akiwa na miezi 18 na tena 24, hata kama mzazi hajalalamika. Fomu inayotumiwa sana kwa kazi hiyo, M-CHAT-R, ina maswali 20 ya ndiyo au hapana kwa watoto wa miezi 16 hadi 30. Fomu hiyo haitambui usonji. Inaonyesha tu nani apelekwe mbele. Kwa upande wa ADHD, mwongozo wa chama hichohicho unaanzia miaka 4, kwani utundu wa mtoto mdogo zaidi ni vigumu kuutenganisha na umri wake.

Nchini Kenya milango ni miwili, na ni vyema familia ijue mapema. Mmoja ni hospitali, ambako daktari wa watoto, daktari wa magonjwa ya akili au mwanasaikolojia ndiye anayetoa jina la hali. Wa pili ni vituo vya upimaji vya Wizara ya Elimu vinavyojulikana kama EARC, vilivyoanzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Hapo mtoto huangaliwa anahitaji shule ya namna gani na msaada upi darasani, na mzazi huondoka na barua ya kumtafutia nafasi. Karatasi za mlango mmoja hazitoshi kwa mwingine. Kujiandikisha katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kwa mfano, kunahitaji ripoti ya daktari, hata kama EARC imeshamwona mtoto.

Siku ya kwanza huwa ya mazungumzo, na huwa ndefu. Mahojiano ya ADI-R, yanayotumiwa na wataalamu wa usonji katika nchi nyingi, yana vipengele 93 na huchukua saa moja na nusu hadi mbili na nusu. Mama ataulizwa kuhusu ujauzito, kama mtoto alilia mara alipozaliwa, kama alipata manjano, degedege, malaria kali au homa ya uti wa mgongo. Alikaa lini, alitembea lini, neno lake la kwanza lilikuwa lipi. Tarehe husahaulika, ndiyo maana kijitabu cha kliniki ya mama na mtoto kina thamani siku hiyo. Bibi au dada wa kazi anayelala na mtoto mara nyingi anajua mengi kuliko baba anayerudi usiku, naye anafaa kuwepo. Video fupi za simu husaidia sana: mtoto akicheza, akila, akikasirika. Mtoto anayepiga mayowe kila jioni anaweza kukaa kimya kabisa mbele ya mgeni.

Swali moja huwatia wazazi aibu, nalo ni mahali walikokwenda kabla. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 na Joseph Gona na wenzake katika pwani ya Kenya ulikuta wazazi na wataalamu wakitaja mapepo, uchawi na laana pamoja na maambukizi na matatizo ya uzazi kama visababishi vya usonji, na familia zikitafuta tiba kwa waganga, kwenye maombi na hospitalini kwa pamoja. Ni muhimu kusema ukweli huo, hasa kama mtoto amenyweshwa dawa za miti, na mtaalamu anayestahili kazi yake hamgombezi mama kwa hilo. Hata wanaolaumu chanjo wanastahili kujibiwa kwa upole: makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998, iliyoeneza hofu hiyo, ilifutwa na jarida la Lancet mwaka 2010, na tafiti kubwa zilizofuata hazikuona uhusiano wowote kati ya chanjo na usonji.

Masikio hupimwa mapema. Asiyesikia vizuri haitiki jina lake, na akidhaniwa ana usonji, kosa hilo linagharimu miaka.

Kisha mtoto huitwa chumbani kucheza. Katika uchunguzi wa ADOS-2, unaochukua dakika 40 hadi 60, mtaalamu hupuliza mapovu ya sabuni na kungoja. Mapovu yenyewe si kitu; anachongojea ni macho ya mtoto. Je, yatatoka kwenye povu, yaende usoni kwa mama kama kusema "umeona?", kisha yarudi? Baadaye puto linajazwa hewa na kuachiwa liruke, halafu mtaalamu anakaa kimya makusudi aone kama mtoto ataomba tena, na kwa njia gani: kwa neno, kwa mtazamo, kwa kidole, au kwa kuushika mkono wa mtu mzima na kuusukuma kuelekea kwenye puto. Mzazi aliyeketi pembeni hutamani kumsaidia. Ajizuie mpaka aombwe, maana akimjibia mtoto, picha inaharibika.

Sehemu nyingine ya mchezo huo ni kumfanyia mwanasesere sherehe ya kuzaliwa, yenye keki na mishumaa. Mtoto ambaye nyumbani kwao siku ya kuzaliwa haisherehekewi anaweza kubaki akitazama tu, bila usonji wowote. Watafiti wa Cape Town walilichunguza jambo la namna hii katika tafsiri ya Kiafrikaansi ya ADOS-2 na kuchapisha matokeo mwaka 2017. Vivyo hivyo, mtoto aliyelelewa kutomkazia mzee macho asihesabiwe kasoro kwa adabu yake. Mzazi akiona mwanawe anapimwa kwa kitu asichokijua, aseme palepale. Familia za Waswahili zilizoko Ulaya na Marekani zina neno la kuongeza: mtoto anayeishi na lugha mbili aangaliwe katika lugha zote mbili, na mkalimani aombwe mapema. Lugha mbili hazisababishi usonji.

Upimaji wa ADHD hauna mapovu. Una fomu nyingi. Mwongozo wa Marekani wa DSM-5 unaorodhesha dalili 18, tisa za kukosa umakini na tisa za kutotulia na kukurupuka. Kwa mtoto, angalau sita za kundi moja ziwe zimedumu miezi 6, baadhi zianze kabla ya miaka 12, na zionekane katika mazingira mawili au zaidi. Sharti hilo la mwisho ndilo linalomleta mwalimu. Fomu ya Vanderbilt ina maswali 55 kwa mzazi na 43 kwa mwalimu. Mtoto anayesumbua tu katika darasa lililojaa wanafunzi themanini, huenda tatizo lake ni darasa, njaa, usingizi mdogo, macho au jambo lililompata nyumbani. Wasichana wengi wenye ADHD hukaa kimya wakiwaza mbali, na kwa kuwa hawamsumbui mtu, husahaulika.

Jibu laweza kuwa usonji, ADHD, vyote viwili, hali nyingine, au "tumwone tena baada ya miezi sita". DSM ya kabla ya 2013 haikuruhusu majina yote mawili kwa mtoto mmoja, hivyo ripoti za zamani huenda zinahitaji kupitiwa upya. Jina lililotolewa kwa dakika kumi bila mama kuulizwa chochote si upimaji, na familia ina haki ya kutafuta maoni mengine. Ripoti iombwe kwa maandishi, ikieleza pia mtoto anaweza nini. Dawa za ADHD zikitajwa, uzito, kimo, mapigo ya moyo na shinikizo la damu hupimwa kwanza, na familia huulizwa kuhusu magonjwa ya moyo katika ukoo.

Msaada haungoji ripoti. Mafunzo ya Shirika la Afya Duniani kwa walezi, ambayo pia yamefanyiwa majaribio Kenya na Ethiopia, yana vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, na huwapokea watoto wa miaka 2 hadi 9 waliochelewa kukua hata kabla ya kupata jina la hali yao. Na kabla ya kuaga, daktari atauliza kama kuna mdogo wake. Tafiti za familia zimeonyesha kuwa takriban mdogo mmoja kati ya watano wa mtoto mwenye usonji naye huwa na usonji, kwa hiyo huyo aletwe kuangaliwa bila kusubiri dalili.