Oman: Maradhi yaliyojificha ndani ya mndimu

Ndimu ya Oman hutiwa katika mchuzi na wali ikiwa mbichi, au huanikwa juani hadi ikakauka na kusafirishwa nchi za mbali. Lakini katika miaka ya 1970, mindimu ya Shinas, pwani ya Batinah, ilianza kuota vitawi vyembamba vilivyosongamana mfano wa ufagio. Wataalamu waliuita ugonjwa huo "ufagio wa mchawi".

Mti ulioonyesha dalili hiyo kwa kawaida hufa katika muda wa miaka mitano hivi. Ugonjwa ukasambaa kaskazini mwa nchi, na mwaka 1989 ukaonekana katika Falme za Kiarabu. Kwa wakulima wa mabonde ya ndani, kama Wadi Samail iliko wilaya ya Bidbid, swali lilikuwa moja: ni nini kinachoua?

Japani ilikwisha kukabiliwa na fumbo kama hilo. Misonobari ilianza kufa Nagasaki mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa miongo mingi lawama ikawaangukia mbawakawa watoboao magogo, kwa kuwa wao ndio walioonekana. Mwaka 1971 watafiti Kiyohara na Tokushige walithibitisha kwamba muuaji ni mnyoo wa takriban milimita moja. Waliwatia minyoo hao katika misonobari yenye afya, nayo ikanyauka. Mbawakawa alikuwa mchukuzi tu.

Nchini Oman hapakuwa na mnyoo. Katika miaka ya 1980, mtaalamu wa Kifaransa Joseph Marie Bové na wenzake walichunguza mindimu hiyo kwa hadubini ya elektroni. Ndani ya mishipa inayosafirisha chakula cha mti waliona fitoplasma, aina ya bakteria wasio na ukuta wa seli. Mdudu mdogo afyonzaye utomvu anashukiwa kuwaeneza.

Siku hizi kipimo cha vinasaba huweza kuwatambua bakteria hao hata kabla ya ufagio kuchipua. Hilo ni jambo zito, kwani haijapatikana dawa ya kuuponya kabisa mti shambani. Mkulima hubaki na njia mbili: kuung'oa mti mgonjwa, na kupanda miche iliyopimwa. Anayengoja hadi auone ufagio huwa amechelewa, na huenda jirani yake naye amekwisha kuambukizwa.