Motokari ya mbio inapokosa mshahidi: historia ya okazyo katika Katanga

Njia ya Lubumbashi mpaka Kilwa, kwa kupitia Kasenga, ni ya kilomita karibu 350, na sehemu kubwa ni udongo. Wakati wa mvua lori zinalala humo. Hata hivyo, vijana wengi wa Haut-Katanga wanatamani motokari za mbio: Subaru Impreza, Toyota Altezza, Toyota Celica, Mitsubishi Lancer. Motokari hizo hazifiki hapa zikiwa mpya. Ni okazyo, tena nyingi zimekwisha kutumiwa miaka kumi au hata ishirini katika nchi nyingine.

Mbele ya kutoa feza, kila familia inajiuliza swali moja: nani anaweza kushuhudia hali ya motokari hii? Kwa familia iliyohama Mitwaba, Manono au vijiji vya Pweto, swali hilo ni zito zaidi. Feza inayotolewa ni ya samaki wa Moero, ya mazao ya shamba au mchango wa ndugu. Motokari ikikufa moteri juma la kwanza, hakuna akiba nyingine nyuma yake.

Swali lenyewe si jipya. Katanga ilikuwa na mashahidi wa motokari, na mmoja mmoja wameondoka.

Wakati wa garaji ya kampuni

Reli ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1910. Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imeundwa tangu mwaka wa 1906. Kwa miaka mingi motokari na lori zilikuwa mali ya makampuni, misheni, serikali na wazungu wachache. Kampuni kubwa ilikuwa na garaji yake, mafundi wake na kitabu chake. Oili ikibadilishwa, iliandikwa. Freni zikitengenezwa, iliandikwa.

Hivi, motokari ilipouzwa baada ya miaka, ilikuwa na ushuhuda. Mnunuzi aliweza kuuliza garaji ilikotoka. Hata baada ya Union Minière kutaifishwa na kugeuka Gécamines, desturi hiyo ya garaji ya kampuni haikuisha mara moja. Peugeot 404 au 504 iliyotoka mikononi mwa kampuni ilikuwa na sifa kwa sababu watu walijua nani alikuwa akiitunza.

Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza hatua zilizoitwa zairianisation. Biashara nyingi za wageni zilipewa Wazairwa, na wengi kati yao hawakuzoea kazi hiyo. Maduka yaliisha, vyombo vya kigeni vilikuwa vigumu kupatikana, na piesi za motokari zikawa adimu. Fundi alianza kutoa piesi kwenye motokari iliyokufa na kuitia kwenye ile iliyo hai. Kazi hiyo ilihitaji akili kubwa, lakini haikuandikwa mahali popote. Kitabu cha garaji kilipotea. Shahidi akawa fundi wa mtaa, na ushuhuda wake ulikuwa kichwani mwake.

Kisha yakaja mabaya zaidi. Mwaka wa 1990 chimbo la Kamoto kule Kolwezi liliporomoka, na Gécamines ikaanguka haraka. Mwaka wa 1991 askari walipora Kinshasa, na uporaji ukafika Lubumbashi vilevile. Motokari nyingi zilibadilisha mikono bila karatasi safi. Tangu hapo mnunuzi alipaswa kuuliza maswali mawili: motokari hii ni nzima? Tena, ni ya nani?

Jina lililotoka kwenye Safari

Upande wa mashariki, jina la motokari za mbio lilijengwa na mashindano ya Safari. Yalianza mwaka wa 1953 katika Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Motokari zilishindana kwa njia za vumbi na matope zinazofanana na zetu. Peugeot 404 ilishinda mwaka wa 1963, halafu mara tatu mfululizo tangu 1966 hadi 1968. Datsun 240Z, motokari ya kweli ya mbio yenye milango miwili, ilishinda mwaka wa 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka wa 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Mehta alikuwa mzaliwa wa Uganda, wa familia iliyolazimishwa kuhama na utawala wa Idi Amin mwaka wa 1972. Alianza upya Kenya na kushinda Safari mara tano.

Baadaye zilifuata Toyota Celica katika miaka ya 1980 na 1990, Subaru Impreza ya Colin McRae mwaka wa 1997 na Mitsubishi Lancer ya Tommi Mäkinen mwaka wa 2001. Ndiyo majina ambayo vijana wanayataja leo.

Lakini jina hilo linadanganya wengi. Motokari ya Safari ilikuwa na mafundi waliyoingojea njiani na piesi mpya. Amortisa ziliondolewa zikiwa zingali na nguvu, na shasi iliongezewa chuma. Impreza inayouzwa Lubumbashi haikuwa na watu hao. Ilikuwa ya mtu mmoja Japani, pengine wa pili, pengine wa tatu. Hata 240Z ile yenye sifa ilijulikana kwa kutu iliyokula mabati yake. Ushindi wa kiwanda hauponyeshi kutu ya motokari moja.

Karatasi ya Japani na njia ya Dar es Salaam

Baada ya vita kupungua na kanuni ya madini ya mwaka wa 2002 kufungua machimbo, feza ilirudi Katanga, na motokari za Japani zikaja kwa wingi. Kuna sababu zinazofanya Japani iuze motokari zingali nzuri. Sheria ya mwaka wa 1951 iliweka ukaguzi unaoitwa shaken. Motokari mpya ya kawaida inakaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na ukaguzi huo pamoja na matengenezo yake una gharama. Wajapani wengi wanaona afazali kuuza.

Motokari inauzwa kwenye mnada. Mkaguzi wa mnada anaandika karatasi yenye picha ya motokari na herufi ndogo: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipotengenezwa na kupakwa rangi, S ni kutu. Juu anaweka alama. Alama 4 ni motokari nzuri. Herufi R inaonyesha ile iliyopata ajali na kutengenezwa. Hiyo karatasi ni shahidi, sawa kitabu cha garaji ya zamani.

Shida ni kwamba shahidi huyo mara nyingi anabaki njiani. Motokari inashuka bandari ya Dar es Salaam, inapita Tunduma na Nakonde, inavuka Zambia na kuingia Kasumbalesa. Ni karibu kilomita 2,000, na mara nyingi inaendeshwa na shofere wa kukodiwa anayetaka kufika mbio. Mikono inabadilika, karatasi inapotea, na kilomita kwenye kipimo zinaweza kurudishwa nyuma kwa kifaa kidogo. Motokari ya R inafika Lubumbashi imepigwa rangi nyekundu, inang'aa, na muuzaji anasema tu: "Ni ya Japani."

Kusoma mwili wa motokari

Kwa hiyo, mahali ambapo hakuna kitabu wala karatasi, mwili wa motokari ndio unabaki kusema. Mafundi wenye uzoefu wanafuata mambo machache, na hakuna hata moja linalohitaji mashine ya bei kubwa.

La kwanza ni wakati. Motokari inaangaliwa mchana, ikiwa kavu, na moteri ikiwa baridi. Muuzaji aliyekwisha kuwasha moteri mbele ya mnunuzi kufika anaweza kuwa anaficha jinsi inavyowaka kwa shida. Fundi anagusa kapo kwanza; ikiwa ya moto, anarudi kesho yake.

La pili ni ajali. Nafasi kati ya mlango na mwili zinapaswa kulingana pande zote mbili. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa inashika bati. Isiposhika, chini ya rangi kuna mastiki. Mahali hapo panaweza kuwa pa mkwaruzo tu, lakini shasi iliyochomelewa ni jambo jingine. Motokari yenye shasi iliyopinda inakula magurudumu na haisimami sawasawa ikifungwa freni.

La tatu ni moshi. Moshi wa buluu unamaanisha kwamba oili inaungua: pete za pistoni zimechoka, ao turbo. Moshi mweupe usioisha hata moteri ikipata moto, pamoja na maji yanayopungua kwenye radiyata, ni dalili ya jointi ya kilasi. Moshi mweusi ni esansi nyingi kupita kiasi. Kwenye kifuniko cha oili, utelezi wa rangi ya maziwa unaonyesha maji yamechanganyika na oili.

La ine ni mkanda wa distribisyo, ule wa mpira unaozungusha vali kwa kufuata pistoni. Kwenye Impreza ya turbo unabadilishwa karibu kila kilomita 100,000. Ukikatika motokari ikiwa mwendo, pistoni zinapiga vali na moteri inavunjika. Kama hakuna alama wala karatasi ya kubadilishwa kwake, fundi anahesabu kwamba haujabadilishwa, na bei yake inatolewa kwenye bei ya motokari.

La tano ni kilomita. Kipimo kinaweza kudanganya, lakini mpira wa pedali, ngozi ya usukani na kiti cha shofere vinachoka kwa kweli. Kipimo cha kilomita 60,000 na pedali iliyoliwa mpaka chuma haviendi pamoja. Magurudumu nayo yana tarehe: tarakimu 4 mwishoni mwa maandishi ya DOT ni juma na mwaka. 2319 ni juma la 23 la mwaka wa 2019. Gurudumu la zamani sana linapasuka hata likiwa na meno.

La sita ni maji. Mkanda wa kiti ukivutwa wote mpaka mwisho, motokari iliyozamishwa mara nyingi inaonyesha alama ya matope pale chini. Chini ya zulia kunanuka unyevu, na skrubu za viti zina kutu.

La saba linahusu Kongo yenyewe. Japani, Tanzania na Zambia wanapita upande wa kushoto, na usukani uko kuume. Sisi tunapita upande wa kuume. Motokari ambayo usukani wake ulihamishwa inapaswa kufunguliwa na kuangaliwa mahali bati lilipokatwa, jinsi fimbo ya usukani ilivyoungwa na mahali pedali ya freni inaposhikilia. Kazi mbaya hapo haionekani mjini. Inaonekana siku freni inapohitajika kweli.

Motokari nzima, mahali si pake

Kuna jambo ambalo hata karatasi ya mnada haiwezi kusema. Moteri nyingi za turbo za Japani zilipangwa kwa esansi ya nguvu ya Japani, ya oktani karibu 100. Huku esansi inanunuliwa pia kwenye chupa na bidoni za wauzaji wa njiani, wale ambao Wakongomani wengi wanawaita kadafi. Esansi zaifu, au iliyochanganywa, inafanya moteri ya turbo igonge ndani, na pistoni zinapasuka bila kosa la shofere. Tena motokari hizo ziko chini. Jiwe moja katikati ya njia ya Kasenga linatoboa sanduku la oili, na oili ikiisha moteri inakufa kwa dakika chache.

Kwa hiyo motokari inaweza kuwa nzima na bado isifae. Familia inayotaka motokari ya kuleta samaki ao kupeleka wagonjwa Lubumbashi haifanyi vibaya ikiacha Impreza nzuri na kuchukua motokari ya juu, ya moteri rahisi, ambayo piesi zake ziko katika kila soko.

Mwishoni yanabaki makaratasi. Namba ya shasi iliyopigwa kwenye chuma inalinganishwa na ile ya karti roze na ya karatasi za duane, tarakimu kwa tarakimu. Kwa familia iliyohama hilo lina uzito wake: mtu asiye na jamaa katika mtaa mpya hana wa kumtetea siku motokari inaposimamishwa na namba hazilingani. Makubaliano ya kuuza yanaandikwa mbele ya mashahidi, na nakala inabaki nyumbani, mbali na motokari. Tena fundi anayelipwa na mnunuzi asiwe yule aliyeletwa na muuzaji. Kuanzia siku hiyo, kila oili na kila piesi inayobadilishwa inaweza kuandikwa katika kayee ya shule. Ndivyo garaji ya kampuni ilivyokuwa ikifanya, na mtu atakayenunua motokari hiyo kesho atakuwa na shahidi.